Kabla ya kutoa mkanda wa chuma kwenye saa yako

Kwanza jiulize kama kweli unahitaji kuutoa. Kama saa inapwaya tu, kinachotakiwa ni kupunguza pingili, na hiyo ni kazi nyingine: pini za pingili hutolewa kwa kufuata mishale iliyochorwa upande wa ndani wa mkanda. Mkanda mzima hutolewa ukitaka kuusafisha vizuri au kuweka wa ngozi.

Igeuze saa uangalie pale mkanda unapokutana na kasha. Mara nyingi unashikwa na pini ya springi, kijibomba chembamba ambacho ncha zake hurudi ndani ukizibonyeza, zikiachiwa zinaingia kwenye vitundu vya pembe za saa, yaani zile ncha nne za kasha zinazoshika mkanda. Kama vitundu hivyo vimetokeza hadi nje, una bahati: unasukuma kwa sindano butu, basi. Ukiona vichwa vya skrubu, tafuta bisibisi inayoenea sawasawa kwenye mfereji wake. Na kuna saa kama Tissot PRX, ambayo mkanda na kasha vimeundwa kama kitu kimoja. Usinunue mkanda wa kawaida ukidhani utaingia.

Kifaa chenyewe ni kile chenye ncha ya panda wanachotumia mafundi saa. Kisu cha jikoni kitatoa pini, lakini kitaacha mkwaruzo ambao hakuna polishi ya nyumbani itakayouficha. Hata ukiwa na kifaa sahihi, bandika selotepu kwenye pembe zote nne, kwa ndani na kwa nje.

Halafu mahali. Mwanga wa kutosha, kitambaa laini cha rangi moja mezani, feni izimwe. Pini ikiponyoka huruka kama panzi, na huoni imeangukia wapi. Dawa yake ni kufanyia kazi ndani ya mfuko wa plastiki unaoona ndani: mikono na saa viwe humo. Unaonekana kituko, ila pini haiendi popote.

Saa iliyovaliwa miaka kwa jasho na maji ya chumvi huwa na uchafu uliogandia pini. Usugue kwa mswaki mkavu, weka tone dogo la mafuta penye ncha, usubiri. Mafuta yasifike kwenye kifundo cha kurekebishia majira. Ikigoma bado, mpelekee fundi. Kulazimisha kunavunja ncha ndani ya kitundu.

Uwe na pini mpya kabla hujaanza. Pima kwa rula nafasi kati ya pembe mbili: 18, 20 na 22 milimita ndivyo vipimo vinavyoonekana sana. Unene nao ni muhimu. Seiko SKX007 ya kuzamia ina nafasi ya milimita 22 na pini nene za milimita 2.5; pini ya kawaida, ambayo ni nyembamba zaidi, itacheza ndani.

Wakati wa kurudisha, sikiliza mlio wa tiki pande zote mbili, kisha uvute mkanda kwa nguvu ukiwa juu ya kitanda kabla hujaivaa.