SOMO: Unataka kuwahoji watoto kwa ajili ya utafiti wako? Pitia hapa kwanza

Wadau habari zenu. Wanachuo wengi wakifika mwaka wa mwisho wanakimbilia shule ya jirani, wanaongea na mwalimu mkuu, madodoso yanagawiwa darasani, data hiyo imepatikana. Inaniuma sana, maana mtoto aliyeambiwa na ticha wake jazeni hii hajakubali kitu, ametii tu.

Hatua ya 1, vibali. Kwa Tanzania Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote wa chini ya miaka 18, kwa hiyo hata yule wa fomu foo mwenye ndevu bado ni mtoto. Anza na kamati ya maadili ya chuo chako, utafiti wa afya kuna NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), halafu ndo barua za mkoa na halmashauri. Barua hizo zinakufungulia geti la shule, basi.

Hatua ya 2, mzazi au mlezi. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili chepesi, asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi ndo aweke dole gumba.

Hatua ya 3 ndo yenyewe, mtoto mwenyewe. Mwalimu atoke. Mwambie unatafuta nini, mtakaa muda gani, na akikataa hakuna wa kumgombeza. Na usisubiri akwambie sitaki, watoto wetu wamelelewa kuheshimu wakubwa, hawezi kukutamkia hivyo usoni. Ukiona anaangalia chini, kila swali sijui, sijui, ameshakataa huyo, funga daftari mshukuru aende akacheze. Pale Willowbrook, kituo cha watoto wenye ulemavu wa akili huko New York, Marekani, kuanzia miaka ya 1950 watoto waliambukizwa homa ya ini makusudi ili wachunguzwe, na wazazi walikuwa wamesaini! Saini ya mzazi peke yake haitoshi jamani.

Hatua ya 4, siri. Majina weka namba, picha zao usirushe status.

MASWALI

Mdau wa Iringa: Mkuu, na watoto wa mtaani wasio na mzazi?
Jibu: Iandike mapema kwenye maombi ya kibali, kamati ikuelekeze nani asimame kama mlezi, mara nyingi afisa ustawi wa jamii. Usimtumie yule kijana mkubwa anayewaongoza kijiweni, wanamuogopa.

Dada Mwl: Je akisema kuna mtu anamfanyia vibaya nyumbani, si nilimuahidi siri?
Jibu: Ndo maana dada usiahidi siri ya asilimia mia, mwambie tangu mwanzo kwamba akiwa hatarini utamwambia mtu wa kumsaidia. Likitokea acha maswali ya utafiti, usimhoji kama polisi, piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure, au nenda ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Usikimbilie kumpigia mzazi, huenda ndo yeye.

Kijana wa Dom: Naweza kuwapa elfu kumi kumi?
Jibu: Hapana, kwa mtoto hiyo ni hela nyingi atakubali chochote. Soda au daftari inatosha, na aliyekataa naye mpe.