Kuvuna mpunga penye bata mwitu wenye vifaranga

Nalima mpunga bondeni, upande wa Ole, Pemba, kwenye majaruba aliyoniachia mama. Masika yakiwa mazuri, bata mwitu wa uso mweupe huja kutaga kwenye majani marefu kando ya maji, na vifaranga wao huanguliwa wakati ambao sisi tunanoa visu vya kuvunia.

Mwaka mmoja niliwakuta vifaranga watatu ukingoni mwa jaruba, peke yao. Nikawafunga kwenye kanga, nikenda nao nyumbani nikiamini wametupwa. Wawili walikufa usiku wa pili, wa tatu akafuata. Siku ile ile niliyowachukua, jioni, nilisikia wazazi wakipiga mbinja kwenye matete, hatua chache kutoka pale nilipowaokota. Walikuwapo muda wote, wakisubiri niondoke. Nayaeleza haya ili mwenzangu asifanye kama nilivyofanya.

Kwanza ujue kama wapo. Wakati wa kuamia ndege, ukiwa juu ya dungu, sikiliza jua linapotua: mbinja nyembamba, mara tatu tatu. Utawaona wawili, uso mweupe, kisogo cheusi, kifua chekundu cha udongo. Usijisumbue kutafuta yupi dume yupi jike, kwani wanafanana, na wote wawili hulalia mayai kwa zamu. Ukimwona bata anatua pale pale siku tatu mfululizo, pana kiota. Usiende kutazama. Unyayo wako unalaza majani, na paka hufuata njia iliyokwisha kupitwa. Kunguru naye ni mjanja, humwangalia mtu anapoinama. Mie hufunga kitambaa kwenye mti nikauchomeka juu ya tuta, mbali na kiota, uwe alama yangu tu.

Mayai hulaliwa siku 26 hadi 30, kwa hiyo mie huhesabu kwa mwezi: ukiandama nao wameanza kulalia, ukiandama tena vifaranga wamekaribia au wamekwisha toka. Huanguliwa karibu pamoja, maana hawaanzi kulalia kwa dhati mpaka mayai yatimie.

Sasa kuvuna, na hapa ndipo panapotaka akili. Desturi yetu watu huingia jarubani kila mmoja na upande wake, tunakata masuke tukisogea mpaka tukutane katikati. Kila chenye uhai kilichomo kwenye mpunga kinasukumwa katikati humo. Mwisho bata anaruka, vifaranga wanatawanyika miguuni mwa watu, watoto wanawakimbiza, na familia imevunjika kwa dakika moja. Wewe anzia upande wa juu, wa mlimani, penye ukavu. Wavunaji wapange mstari mmoja, mteremke polepole kuelekea majini. Bata atawaongoza wanawe mbele yenu mpaka kwenye matete bila mtu kumgusa. Nyimbo imbeni kama kawaida; sauti inayosogea polepole wanaijua iko wapi. Mtu aliyenyamaza kisha akatokea ghafla ndiye anayewatia hofu.

Kama mayai bado, acha mpunga umesimama kuzunguka kiota, na ukanda wa hatua kumi hivi kutoka kiotani hadi majini. Huo ndio mlango wao. Mwaka jana ukanda wangu niliukadiria kuwa kama pishi mbili za mpunga. Jirani yangu wa bondeni aliniambia nafuga wezi. Kwamba wanakula punje sikatai, wanakula, tena usiku. Lakini vifaranga wenyewe wanahangaika zaidi na wadudu wa majini, na pishi mbili hazijawahi kunilaza na njaa.

Watoto wa skuli waambie mapema, kabla ya siku ya kuvuna, waache panda zao za kurushia mawe nyumbani.

Ukimkuta kifaranga peke yake, rudi nyuma hatua hamsini, kaa chini, usizungumze. Mpe mzazi nusu saa. Mara nyingi utasikia mbinja, na utamwona kifaranga amenyoosha shingo akaelekea huko. Kama yuko njiani au ametumbukia shimoni, mchukue kwa mikono miwili umweke ukingoni mwa matete, karibu na unaposikia sauti, kisha uondoke kabisa. Kumshika hakumfanyi mzazi amkatae. Kinachomzuia mzazi ni wewe kusimama pale. Usimtie kwenye beseni la maji ukidhani unamfurahisha. Malaika yake, yale manyoya laini, yakirowa, na hana bawa la mzazi la kujikaushia, baridi humuua. Nadhani ndiyo iliyowaua wale watatu wangu. Usimpe wali wala mkate. Giza likiingia na hakuna aliyekuja, mlaze kwenye kikapu chenye kitambaa kikavu, mahali penye joto, maji kidogo kwenye kifuu. Alfajiri mrudishe pale pale ulipomtoa, na kama wazazi hawasikiki tena, mwite mtu wa misitu.

Wakishaangua hawakai kiotani. Siku moja au mbili, wazazi wanawapeleka majini, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mie huongeza siku tatu, kisha ukanda ule naukata nao unaingia ghalani pamoja na mwengine.

Ila bonde bado ni lao kwa muda. Vifaranga huchukua kama miezi miwili mpaka waweze kuruka, hivyo dawa ya magugu usipige karibu na mtaro katika kipindi hicho. Na baada ya kuzaa wazazi nao hupukutika manyoya ya mabawa, wakakaa wiki kadhaa hawawezi kupaa. Ukiwaona wanakimbia juu ya maji wakipiga mabawa bila kunyanyuka, usidhani ni wagonjwa, wala usimruhusu mtu awafuate kwa fimbo. Wanangoja manyoya yaote.