Kiporo cha kuku: kukipoza, kukipasha na kukigeuza mlo wa pili

Mwongozo huu ni wa kuku aliyekwisha kuiva akabaki: wa kupaka, wa biriani, wa kukaanga, au nusu ya kuku wa kuchoma aliyenunuliwa jioni. Mapishi yenyewe ni mepesi. Kazi iko hatua ya 2. Mwenye haraka na asome hiyo kwanza.

Hatua ya 1: Hesabu muda

Hesabu huanza moto ulipozimwa au kuku alipotoka kwenye makaa, si watu walipomaliza kula. Asikae nje zaidi ya saa 2 kwa jumla. Joto la hewa likipita nyuzi 32, muda huo hupungua ukawa saa 1. Mombasa kwenye Februari na Machi, jiko likiwaka na dirisha ni moja, nyuzi 32 si ajabu, kwa hivyo miezi hiyo shika saa 1. Kuku wa kununua aliyekwisha kuwa vuguvugu ndani ya kabati la kioo, mwache huko huko.

Hatua ya 2: Mpoze haraka

Bakteria huzaana kati ya nyuzi 5 na 60. Sufuria kubwa ya masala ya biriani, nzito, imejaa na kufunikwa, huweza kukaa kati ya nyuzi hizo usiku kucha: ukigusa ubavu wake imepoa, ukichota katikati bado ina joto. Hapo ndipo bakteria aitwaye Clostridium perfringens anapostawi. Mbegu zake hazifi kwa mchemko wa kawaida. Huvumilia, kisha chakula kikipoa polepole mahali pasipo hewa, huamka na kuzaana. Mwenye kula huumwa na tumbo na kuharisha baada ya saa 6 hadi 24, akalaumu kitu kingine alichokula asubuhi.

Toa minofu kwenye mifupa, au angalau tenganisha mapaja na vidari. Mifupa iweke kando, ina kazi yake. Tandaza nyama na mchuzi kwenye sinia pana la aluminiamu, kina kisizidi sentimita 5, yaani upana wa vidole vitatu. Sinia la bati jepesi hushinda mkebe wowote wa plastiki: bati hutoa joto, plastiki hulifunga ndani. Mikebe mirefu ya aiskrimu, ambayo kila nyumba inayo, ni ya kuhifadhia kilichokwisha poa, si ya kupozea.

Weka sinia hilo ndani ya beseni lenye maji na barafu, maji yafike nusu ya ubavu wake, na ukoroge kila dakika 5. Huna barafu, tumia maji baridi uyabadilishe mara mbili tatu. Lakini yapime kwa mkono kwanza: maji ya tangi la paani saa nane mchana ni ya kuogea, hayapozi kitu. Feni husaidia, ila funika kwa kawa, siyo kwa kifuniko cha sufuria, ili mvuke utoke na nzi wasiingie. Lengo ni kushuka kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Kama huna kipimajoto, gusa chini ya sinia: mkono usiposikia joto, tia kwenye friji. Akiwa vuguvugu na ametandazwa pia aingie. Kinachosumbua friji ni sufuria nzima ya moto, maana hupasha maziwa na kila kilicho jirani yake.

Sasa lile la "nitaichemsha tena asubuhi." Haifai. Bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, anayekaa kwenye pua na ngozi zetu, hutoa sumu ndani ya chakula kilicholala nje, na sumu hiyo haivunjiki kwa kuchemsha. Bakteria watakufa, sumu itabaki. Kwa sababu hiyo hiyo, kilichobaki kwenye sinia lililoliwa na watu wanne kwa mikono si kiporo, ni cha paka. Kiporo ni kile kilichobaki sufuriani na kuchotwa kwa upawa. Wali nao una bakteria wake, Bacillus cereus, mwenye sumu isiyojali moto vilevile. Uzuri wa biriani ya Kiswahili ni kwamba wali na masala havikuchanganywa, basi vipoze mbalimbali.

Na usitegemee pua. Tui likichacha utalisikia, lakini perfringens hana harufu.

Hatua ya 3: Hifadhi

Friji iwe nyuzi 4 au chini yake. Kuku hukaa siku 3 hadi 4. Wa kupaka mimi humpa 2 tu kwa ajili ya tui. Kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, miezi 2 hadi 4 bila kupoteza ladha. Andika tarehe.

Stima ikipotea usifungue mlango kuchungulia. Friji iliyofungwa hushikilia baridi saa 4, friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24.

Hatua ya 4: Pasha mara moja

Chota cha kuliwa sasa, kingine kibaki kwenye baridi. Katikati ya nyama ifike nyuzi 74. Kwa jicho, mchuzi utokote sufuria nzima, si pembeni tu, na kipande kikubwa ukikipasua kitoe mvuke. Wa tui apashwe kwa moto mdogo akikorogwa, na kijiko cha maji, ama tui litakatika. Maikrowevu huacha mifuko ya baridi katikati ya paja. Sufuria ndogo ni bora. Kilichopashwa kikabaki tena, kitupwe.

Hatua ya 5: Mlo

Katlesi ndizo zinazoharibika kwa wengi. Kwa katlesi kama 12: viazi nusu kilo, minofu robo kilo, kitunguu 1, punje 3 za kitunguu saumu, pilipili mbichi 2, kotmiri, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba ya kusaga, ndimu, chumvi, mayai 2. Chemsha viazi na maganda yake. Vikimenywa kabla, hunywa maji na katlesi hufumuka mafutani. Menya na kuviponda vikiwa moto. Nyambua kuku, mkate mara moja kwa kisu ili nyuzi zisiwe ndefu, kisha mkaange na vitunguu na viungo kwenye kijiko kimoja cha mafuta kwa dakika 5, mpaka atoe mvuke na akauke. Hatua hii wengi huiruka. Utando wa yai juu ya katlesi hugeuka rangi ya dhahabu kwa dakika 2 au 3, na muda huo hautoshi kupasha katikati. Kuku akiingia baridi, hutoka vuguvugu. Changanya, finyanga, chovya kwenye yai, kaanga papo hapo. Ukitaka kuzifinyanga mchana kwa ajili ya futari, tumia kuku mpya, kwa sababu kiporo kitakuwa kimepashwa mara mbili.

Kuku wa kuchoma: mkatekate, mtie kwenye tui lililochemka na kitunguu, bizari ya manjano, pilipili na ukwaju kidogo, atokote dakika 10. Una kupaka ya haraka, kula na mkate wa mofa.

Masala ya biriani: yapashe, yakunje ndani ya chapati. Basi.

Mifupa iliyotolewa sufuriani, siyo iliyong'atwa, chemsha na lita 1 na nusu ya maji, tangawizi iliyopondwa na pilipili manga kwa saa 1. Chuja. Ndimu ikamuliwe kikombeni, kwani ikichemka ndani ya supu harufu yake hupotea na maganda huacha uchungu.