Somo: Kulea miche ya nyanya hadi siku ya kuihamishia shambani

Anayeanza kulima nyanya huua miche kwa maji zaidi kuliko kwa kiu. Twende hatua kwa hatua.

1. Mbegu huchipua kwa siku 5 hadi 10. Zikichomoza, ondoa nyasi ulizofunikia siku hiyohiyo, la sivyo miche itarefuka ikitafuta mwanga.

2. Mwagilia asubuhi, majani yakauke mapema. Chomeka kidole udongoni. Kikitoka na unyevu, weka ndoo chini. Kila siku angalia shina pale linapotokea ardhini. Ukiona limesinyaa na kuwa la kahawia, kama limekazwa kwa uzi, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Mche huo hauponi. Utoe na udongo wake, punguza maji, na iliyosongamana ipunguzie ili hewa ipite.

3. Majani mawili ya kwanza, yale membamba yasiyo na meno, ni ya mbegu, usiyahesabu. Subiri majani halisi mawili ndipo uhamishie kwenye viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche. Shika jani, usishike shina: jani likichanika litaota jingine, shina likipondeka mche umekwenda. Fukia hadi karibu na majani ya mbegu, maana shina la nyanya huota mizizi likizikwa.

4. Siku 7 hadi 10 kabla ya kupanda, izoeze jua. Anza na jua la asubuhi kwa muda wa saa moja au mbili, ongeza muda kila siku, huku ukipunguza maji bila kuinyausha. Niliwahi kuiruka hatua hii. Nilitoa miche kivulini asubuhi nikapanda palepale. Kufika saa nane mchana majani yalikuwa meupe kama karatasi.

Mche ulio tayari una wiki 4 hadi 6, urefu wa sm 10 hadi 15 na shina nene kama penseli. Panda jioni.

MASWALI

Mkuu, yangu imeshakuwa kama nyuzi, imelala. Niitupe?
Usiitupe. Isogeze kwenye mwanga, na pitisha kiganja juu yake taratibu mara chache kwa siku. Kutikiswa hukaza shina. Ukipanda, ilaze kwenye mfereji mfupi, ncha tu ibaki nje.

Mwalimu, majani yamekuwa zambarau kwa chini. Niweke mbolea?
Usiku kuna baridi huko? Mizizi ikipoa hushindwa kufyonza kirutubisho cha fosforasi hata kama imo udongoni. Ipe joto kwanza, kisha tazama majani mapya yanatoka na rangi gani.

Mmoja una maua tayari, nimefurahi!
Pole, dada. Umekaa mno kwenye kiriba. Yachume hayo maua, upande leo jioni.

Ni kweli mvuta sigara asiguse miche?
Aguse, ila anawe kwa sabuni kwanza. Virusi vya batobato ya tumbaku, ugonjwa wa majani kuwa na mabakamabaka, hushambulia nyanya pia, na huweza kubebwa na vidole.