Kukaanga Kuku Nyumbani Akaiva Hadi Mfupani

Tatizo linalowakatisha tamaa wengi wanaokaanga kuku nyumbani ni moja: kipande kimeshika rangi nzuri ya kahawia kwa nje, lakini ukikiuma unakuta nyama mbichi imeng'ang'ania mfupa. Lawama hupewa viungo au unga, ilhali chanzo karibu kila mara ni moto uliozidi na haraka ya mpishi. Kwa hiyo, ingawa nitaeleza maandalizi yote, naomba msomaji aweke akili yake zaidi kwenye sehemu ya mafuta.

Kabla ya yote, tambua aina ya kuku uliyenaye. Kuku wa kienyeji ameparua ardhi kwa miezi mingi na nyama yake imekomaa. Ukimtumbukiza kwenye mafuta akiwa mbichi, utapata ngozi ngumu na nyama isiyotafunika. Huyo huchemshwa kwanza kwa moto mdogo pamoja na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, kwa dakika 45 hadi saa nzima, na zaidi kama ni jogoo mzee, kisha hukaushwa vizuri na kukaangwa dakika chache tu ili apate rangi. Supu yake usiimwage. Kuku wa kisasa, ambaye kwa kawaida huchinjwa akiwa na wiki tano hadi sita, ana nyama laini na anaweza kukaangwa bila kuchemshwa. Vipimo vinavyofuata ni vya kuku wa kisasa mmoja mwenye uzito wa kilo 1.2 hivi.

Mkate vipande vinane, yaani mapaja mawili, miguu miwili, mabawa mawili na kidari kilichogawanywa mara mbili, na kama kidari ni kinene sana kigawe tena, kwa sababu vipande vinavyopishana mno kwa unene haviwezi kuiva pamoja. Shingo na mgongo vibaki kwa ajili ya supu. Wengi wetu tumelelewa kumwosha kuku chini ya bomba, lakini maji yanayoruka husambaza vijidudu kama salmonela kwenye sinki na vyombo vya jirani. Ni salama zaidi kutoa manyoya yaliyosalia kwa mkono, kumkausha kwa karatasi safi, kisha kuosha ubao, kisu na mikono kwa sabuni.

Changanya kikombe kimoja cha mtindi, vijiko viwili vya chai vya chumvi, punje tano za kitunguu saumu kilichotwangwa, kipande cha tangawizi kilichokunwa, kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga na maji ya nusu ndimu. Wapake kuku mchanganyiko huo, ufunike bakuli na kuliweka kwenye friji kwa saa nne au usiku kucha. Muda huu si wa kupunguzwa ovyo, kwa kuwa chumvi hupenya nyama polepole, na ndiyo inayoisaidia kushika maji yake wakati wa kukaangwa. Ndimu nayo isizidi, maana asidi yake kali ikikaa usiku mzima hufanya nyama ya juu iwe kama chokaa mdomoni, jambo ambalo mtindi hausababishi kwa urahisi.

Kwa ajili ya ganda, changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, nusu kikombe cha unga wa mchele, nusu kijiko cha chai cha chumvi na pilipili manga kidogo. Unga wa mchele hauna gluteni, yaani protini ya ngano inayovutika, kwa hiyo hulifanya ganda livunjike kwa mlio badala ya kuvutika. Nyunyizia vijiko vitatu vya mtindi kwenye unga na uufikiche kwa vidole ili upate vibonge vidogo, kisha gandamiza kila kipande humo, ukung'ute unga wa ziada na ukiache juu ya wavu kwa dakika 15. Unga utanyonya unyevu na kushikamana na ngozi. Ukiruka hatua hii, ganda litabanduka ndani ya karai.

Sasa mafuta. Tumia karai zito na mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, yasiyozidi nusu ya kina chake, kwa kuwa yatapanda ukiweka nyama. Yapashe hadi nyuzi 170 za selsiasi. Usipokuwa na kipimajoto, chovya mpini wa mwiko mkavu: viputo vidogo vikitoka kwa utulivu kuuzunguka, mafuta yako tayari, yakitoa moshi, yamepita kiasi. Weka vipande vitatu au vinne tu kwa mara moja, kwa sababu kila kipande hupunguza joto, na mafuta yaliyopoa hupenya kwenye ganda badala ya kusukumwa nje na mvuke unaotoka kwenye nyama. Baada ya hapo joto libaki kati ya nyuzi 150 na 160. Kwenye jiko la mkaa, ambalo halina kitufe cha kupunguza moto, epua karai kwanza, kisha punguza makaa au uyafunike kwa majivu.

Mabawa huhitaji dakika 8 hadi 10, kidari kama dakika 12, na mapaja na miguu dakika 14 hadi 16, ukigeuza mara mbili au tatu. Sikiliza pia: mchemko mkali wa mwanzo ni maji yanayogeuka mvuke, na unapofifia, kuku anakaribia kuiva. Kipimo cha uhakika ni nyuzi 74 kwenye sehemu nene zaidi, karibu na mfupa bila kuugusa. Rangi nyekundu peke yake isikutishe, kwani uboho wa kuku mchanga huweza kuacha wekundu mfupani hata nyama ikiwa imeiva.

Mafuta yakishika moto, zima jiko na ulifunike karai kwa mfuniko wa chuma. Maji yasikaribie kabisa.

Vipande vikitoka, vipumzishe juu ya wavu kwa dakika tano. Usivilaze kwenye gazeti, kwa sababu wino wake si wa kuliwa, na mvuke ulionaswa chini hulegeza ganda ulilolihangaikia. Mafuta yakipoa, yachuje kwa kitambaa na uyahifadhi kwenye chupa mahali penye giza. Yakianza kuwa meusi, kutoa povu au kunuka, yatupe.