Mikutano ya Wananchi Katika Tathmini ya Mazingira ya Barabara: Namna ya Kuiandaa

Anza kuzungumza na wananchi wakati bado kuna njia mbili tatu za kupitisha barabara na mhandisi bado anaweza kusogeza mstari. Michoro ikishakamilika, mkutano huwa wa kupokea malalamiko tu.

Nchini Kenya, Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za 2003 zinataka haya: NEMA (mamlaka ya serikali ya usimamizi wa mazingira) ikishaidhinisha ripoti ya mradi, mwenye mradi abandike matangazo eneo husika, atangaze gazetini wiki mbili mfululizo na redioni angalau mara moja kila wiki kwa wiki mbili, kwa lugha rasmi na za wenyeji, kisha afanye mikutano isiyopungua 3. Taarifa ya mkutano itolewe wiki moja kabla. Awepo pia mratibu anayefaa wa kuandika maoni na tafsiri zake. Hapo sheria imeweka kima cha chini tu. Kwa barabara ya kilomita 40, fanya walau mkutano mmoja kila lokesheni (eneo la chifu mmoja).

Baraza la chifu linafaa kwa sababu watu wamelizoea, ila lina kasoro yake: wenye vibanda ndani ya hifadhi ya barabara (ukanda uliotengewa barabara) hawafungui mdomo mbele ya serikali. Wafuate pale pale wanapouzia. Wachuuzi na wapangaji hawana hati, hivyo orodha ya ofisi ya ardhi haiwataji hata mmoja, nao ndio wa kwanza kuhamishwa. Wanawake wapewe kikao chao. Epuka siku ya soko, na huku pwani epuka Ijumaa adhuhuri.

Usitegemee ramani ukutani. Wengi wataitazama kwa adabu na kunyamaza. Piga vigingi na ufunge utepe pale upana wa barabara unapoishia, kisha tembea na watu. Jambo la kuulizia zaidi ni maji. Mzee akionyesha mti ambao mafuriko huufikia masika, mpimaji apime kimo cha alama hiyo papo hapo na kukilinganisha na kimo cha barabara itakayojengwa. Kalvati (njia ya maji chini ya barabara) ikiwa ndogo, tuta la barabara huzuia maji kama bwawa na nyumba za upande wa juu huzama. Ikiwa inatosha lakini mdomo wake haukujengewa mawe, maji yaliyokuwa yakitawanyika hutoka kwa nguvu sehemu moja na kuchimba korongo. Kwa hiyo uliza: yakitoka hapa, yanaingia shamba la nani? Uliza pia ng'ombe na watoto wa shule huvukia wapi, makaburi yako wapi, na udongo wa kujazia utachimbwa kwa nani. Mashimo hayo yasipofukiwa hujaa maji, na watoto hufa humo.

Karatasi ya mahudhurio inathibitisha tu kwamba watu walifika. Tengeneza jedwali: suala, aliyelitoa (kundi lake latosha), jibu, na kilichobadilishwa kwenye mchoro au sababu ya kukataa. Kila ahadi iingie kwenye mpango wa usimamizi wa mazingira na ipewe bei katika orodha ya gharama za kazi. Unyunyiziaji maji wa kuzuia vumbi usipokuwa na bei humo, mkandarasi hataufanya, na kisheria ni vigumu kumlazimisha.

Utafiti wa athari za mazingira ukikamilika, rudi kwa wananchi na matokeo. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana. Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya NEMA, lilifuta leseni ya mazingira ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, na miongoni mwa sababu ni kwamba mikutano ilifanyika kabla ya utafiti, wananchi wasielezwe ulichobaini. Andika muhtasari wa kurasa nne au tano kwa Kiswahili, pamoja na ramani, na uuache kwa chifu, zahanati na shuleni. Asiyeridhika na leseni ana siku 60 za kukata rufaa kwa jopo hilo, kwa hiyo tunza jedwali, picha na nakala za matangazo zenye tarehe hata baada ya leseni kutoka.