Piga picha begi kabla halijaingia kwenye buti

Kwa sisi tunaotoka Lamu kurudi kazini mbali, mfano Lodwar huko: ukishuka boti Mokowe, kabla begi halijaingia kwenye buti piga picha moja inayoonyesha begi, stika ya mzigo na namba pleti ya basi, zote pamoja. Maana basi likiharibika njiani, tuseme baina ya Witu na Garsen, mnafaulishwa haraka haraka kwenye basi jingine na mizigo inahamishwa na yeyote aliye karibu, sasa ukifika Mombasa useme "begi langu ni jeusi" nani atakuelewa na meusi yamejaa buti zima? Ukimwonyesha karani picha anajua apigie simu gari gani. Rudia kila ukibadilisha basi, Mombasa, Nairobi, Kitale, picha ya Mokowe haisaidii kitu kule mbele. Simu ikizima pia huna lako, kwa hivyo mtumie mtu wa nyumbani palepale mtandao ungalipo. Ila dawa, kitambulisho na chaja usiviweke kwenye buti kabisa, kaa navyo, picha haitakupa dawa ya presha usiku huo.